Kiyoyozi Kimechoka: Kukitengeneza au Kununua Kingine?

Kaskazi inapoanza, maswali yanayotufikia kutoka Mombasa, Kilifi na Malindi hufanana. Kiyoyozi cha miaka kumi hakipoezi tena, kimejazwa gesi mara mbili mwaka huu, na sasa fundi anashauri kinunuliwe kingine. Mara nyingi ushauri huo ni sahihi, ila sababu anayoitoa, kwamba "gesi imekwisha", haitoshi. Gesi ya kiyoyozi haiishi kwa matumizi kama ile ya jikoni. Huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa. Ikipungua, kuna mahali inapovuja, na kuijaza pasipo kuziba tundu hilo ni kulipia gesi itakayopotelea hewani.

Kabla ya kuamua, soma kibandiko kilicho kwenye sehemu ya nje. Kikitaja R-22, hatupendekezi matengenezo makubwa. Gesi hiyo huharibu tabaka la ozoni, na chini ya Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987 nchi zinazoendelea zinatakiwa kuwa zimeiondoa karibu yote ifikapo 2030. Wala usikubali mashine hiyo itiwe R-410A: shinikizo la gesi hii ni kubwa zaidi kwa takriban asilimia 60, na mabomba ya zamani hayakuundwa kulihimili.

Ukishaamua kununua, usianze na bei. Anza na chumba. Kiyoyozi cha BTU 12,000 kwa kawaida hutosha chumba cha mita 20 za mraba hivi. Chumba cha ghorofa ya juu chini ya mabati, au chenye dirisha linalopigwa na jua la alasiri, huhitaji zaidi. Wauzaji wengi husukuma mashine kubwa kupita kiasi, na wanunuzi hudhani wamepata nafuu. Katika pwani yetu hilo ni kosa. Mashine kubwa mno hupoza upesi na kuzima kabla haijafyonza unyevu, nawe ukabaki katika ubaridi wenye fukuto.

Kisha tazama umeme. Nchini Kenya lebo ya nishati ya viyoyozi ina nyota moja hadi tano. Kadiri nyota zinavyozidi ndivyo matumizi yanavyopungua. Waweza pia kupiga hesabu mwenyewe: gawanya uwezo wa kupoeza kwa umeme unaotumika, vyote kwa wati. BTU 12,000 ni takriban wati 3,500. Mashine inayotumia wati 1,400 kuupata uwezo huo hupata 2.5, inayotumia wati 1,000 hupata 3.5. Tofauti ni wati 400. Zikifanya kazi kwa nguvu zote saa nane kila usiku, tofauti hiyo ni uniti 96 kwa siku 30. Zidisha kwa bei ya uniti unayolipa, na kiyoyozi "cha bei rahisi", hasa mtumba usio na lebo, huenda kikaonekana ghali.

Viyoyozi vya inveta hupunguza kasi ya kompresa badala ya kuizima na kuiwasha. Humfaa anayelala na kiyoyozi usiku kucha; anayekiwasha saa moja jioni hatarudisha gharama yake upesi. Bodi zake za kielektroniki huungua umeme unapopanda na kushuka, kwa hiyo weka kifaa cha kuzikinga. Walio karibu na bahari waulizie mapezi ya sehemu ya nje yaliyopakwa dawa ya kuzuia kutu, kwani chumvi haina huruma.

Tunasisitiza ufungaji kuliko chapa. Fundi atumie pampu kuondoa hewa na unyevu kwenye mabomba kabla ya kufungulia gesi. Anayekwambia hatua hiyo si lazima, mwache aende. Jambo hili ni la usalama pia, maana R-32 inaweza kushika moto, na R-290 ni propani, inayowaka kwa urahisi. Dai risiti yenye namba ya mashine, na uulize kwa maandishi kama dhamana hupotea ikifungwa na fundi asiyeidhinishwa na muuzaji. Mashine ya zamani isikatwe mabomba wala kupewa wauza vyuma chakavu hadi fundi awe amekusanya gesi yake kwenye mtungi.