Pampasi zinakumaliza? Shona nepi mwenyewe

Leo siasa tuziweke pembeni kidogo, tuongelee kitu kinachokula mshiko wa wazazi vijana kimyakimya: pampasi.

Najua wengi mnaosoma hapa bado hamna watoto. Lakini una dada, una shemeji, na zamu yako inakuja. Mimi ni baba wa mtoto wa miezi minane, na tangu alipofikisha miezi mitatu anavaa nepi tulizoshona nyumbani kwa cherehani ileile nyeusi ya kukanyaga. Na wanaume msikimbie, mshono ulionyooka hauulizi jinsia!

HESABU KWANZA
Bei zinatofautiana, hivyo weka za mtaani kwako. Tuseme pampasi moja ni sh 500 na mtoto anatumia 6 kwa siku. Hiyo ni sh 3,000 kwa siku, sh 90,000 kwa mwezi.

Sasa tuseme nepi moja ya kushona inakugharimu sh 4,000. Nepi 20 ni sh 80,000. Ongeza chupi 3 za nailoni za kuvalisha juu, sh 15,000. Kila mwezi weka sh 20,000 za maji na sabuni, na sh 15,000 za pampasi moja ya usiku, maana usiku watu tunataka kulala bwana. Mwezi wa kwanza unatumia sh 130,000, yaani zaidi ya mwenye pampasi tupu. Usikate tamaa hapo. Mwezi wa pili jumla yako ni 165,000, yake 180,000. Baada ya hapo unaokoa 55,000 kila mwezi, na nepi zinamsubiri mdogo wake.

Lakini kwangu mimi hoja kubwa ni nyingine. Pampasi ikiwa ghali, mtu anaanza kuibania. Inavaliwa asubuhi, inavuliwa jioni, eti "bado haijajaa". Mkojo na kinyesi vikikaa kwenye ngozi ya mtoto, anachubuka na kutoka vipele, analia nyumba nzima hailali. Ukiwa na nepi 20 za kufua huna cha kubania. Amelowa, badilisha, basi.

VIFAA
Pita mitumbani utafute shuka za flaneli, fulana kubwa za pamba na taulo. Soma lebo kama ipo, tafuta pamba, maana vitambaa vingi vya nailoni na poliesta havinyonyi vizuri. Fua vyote kwa maji ya moto kabla ya kukata, vitakavyoruka viruke mapema. Pia nunua lastiki nyembamba ya nusu sentimita na pini za nepi au velkro, ile ya kwenye viatu vya watoto.

KUSHONA
1. Chukua pampasi mpya moja, inyooshe juu ya gazeti, ichore pembeni, kisha ongeza sentimita 2 kila upande. Chukua saizi kubwa kidogo, mtoto anakua.
2. Kata vipande viwili: flaneli ya nje na fulana ya ndani. Viweke uso kwa uso, shona kuzunguka. Upande wa mgongoni acha mdomo wa sentimita 12 bila kushona.
3. Pindua kupitia mdomo huo. Kwenye mikunjo ya miguu shona mstari wa pili, sentimita 1 kutoka ukingoni. Hapo umepata njia ya lastiki, huhitaji cherehani ya zigizaga.
4. Funga lastiki kwenye pini, ipitishe kwenye njia kwa ndani kupitia mdomo wa mgongoni. Kaza ncha zake kwa mshono. Isibane sana, ikiacha alama nyekundu pajani ilegeze.
5. Kunja kingo za ule mdomo, shona, lakini ubaki wazi kama mfuko.
6. Taulo likate vipande vya sentimita 12 kwa 35, shona viwili au vitatu pamoja. Hicho ndicho cha kunyonya, kinaingia kwenye mfuko na kutoka wakati wa kufua. Ukikishonea moja kwa moja, wakati wa masika nepi haikauki hata siku mbili.

Juu yake mtoto anavaa chupi ya nailoni. Wazo hili si geni. Mama mmoja wa Marekani, Marion Donovan, alikata pazia la bafuni akashona kifuniko cha nepi kwa cherehani yake, na mwaka 1949 kikaanza kuuzwa dukani New York. Pampers wenyewe, waliotuachia neno pampasi, walikuja mwaka 1961.

KUFUA
Kinyesi kitupe chooni kwanza, kisha suuza. Fua kwa maji ya moto na sabuni ya kawaida, suuza mpaka povu liishe kabisa, kwa sababu mabaki ya sabuni nayo yanawasha. Dawa ya kulainisha nguo usiweke, inafanya kitambaa kisinyonye.

Anika juani, halafu PIGA PASI pande zote mbili. Huku kwetu kuna nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa nje, na funza wake wanaingia kwenye ngozi wakiota kama jipu. Moto wa pasi unayaua mayai. Hii hatua usiiruke hata siku moja.

Kwa wanaonunua maji kwa ndoo kwa bei ya kuruka: fanyeni hesabu yenu kwanza, pengine nepi za mchana tu zinatosha. Anza na nepi 6, jaribu wiki mbili, ndipo uongeze.

Mafundi na akina mama wazoefu, hebu tuambieni hapo chini nyie mnatumia kitambaa gani. Naomba kuwasilisha.