Kubadili Injini ya Gari la Kale: Mambo ya Kujua Kabla ya Kulipa



Magari ya kale ya michezo yana wapenzi wake katika nchi zetu. Datsun 240Z ni miongoni mwa yanayokumbukwa zaidi, kwa kuwa lilishinda mashindano ya magari ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1971 na tena mwaka 1973. Magari ya aina hiyo yaliyosalia sasa yana umri wa takriban nusu karne. Injini inapochoka, mara nyingi mwenye gari hushauriwa kufunga injini kubwa zaidi, inayotumia nozeli za mafuta zinazoongozwa kwa umeme badala ya kabureta.

Ushauri huo waweza kuwa mzuri. Hata hivyo, katika kazi hii mlaji hutajiwa bei ya injini, akadhani ni bei ya kazi nzima. Injini ya nozeli haifanyi kazi peke yake. Inahitaji pampu, mabomba, nyaya na kompyuta vinavyolingana nayo. Kinachopunguzwa ili bei ionekane nafuu ndicho kinachoweza kuliteketeza gari kwa moto.

Hakiki injini unayouziwa

Gari la 240Z lilitoka kiwandani na injini ya L24 yenye silinda sita, ujazo wa cc 2,393 na kabureta mbili. Toleo la 280Z, lililouzwa Marekani kuanzia mwaka 1975, lilikuwa na injini ya L28 yenye cc 2,753 na mfumo wa nozeli uitwao Bosch L-Jetronic. Injini hizi ni za ukoo mmoja, na ndiyo sababu L28 hufungwa kwa urahisi mahali pa L24.

Kufanana huko kuna faida kwa fundi, lakini pia kunampa nafasi muuzaji asiye mwaminifu. L24, L26 na L28 zikipakwa rangi mpya ni vigumu kwa asiye mzoefu kuzitofautisha. Kwa hiyo, soma aina na namba ya injini iliyogongwa kwenye bloku yenyewe. Ikiwa kichwa cha silinda kimefunguliwa, mwombe fundi apime kipenyo cha tundu: L24 na L26 zina milimita 83, na L28 ina milimita 86. Namba ikiwa imesagwa au kugongwa upya, usinunue.

Shinikizo la mafuta ndilo hatari kubwa

Pampu ya injini ya kabureta husukuma mafuta kwa shinikizo dogo, takriban paundi 4 kwa inchi ya mraba. Mfumo wa L-Jetronic wa 280Z huhitaji takriban paundi 36, yaani mara tisa. Mpira wa mafuta uliozeeka, ambao haukuwahi kuvuja kwenye kabureta, waweza kupasuka ukiunganishwa na pampu mpya. Petroli ikirukia bomba la moshi lenye joto kali, moto huwaka kwa muda mfupi mno.

Mipira ya mafuta huandikwa daraja lake ubavuni. Daraja la SAE 30R7 limekusudiwa mifumo ya kabureta. Kwa mifumo ya nozeli tafuta SAE 30R9. Usikubali mpira usio na maandishi, hata ukiwa mpya.

Jambo la pili ni namna pampu inavyozimika. Katika 280Z za mwanzo, kifaa cha kupimia hewa kilikuwa na swichi iliyokata umeme wa pampu injini iliposimama. Baadhi ya mafundi huiacha swichi hiyo na kuunganisha pampu moja kwa moja na swichi ya ufunguo. Gari la namna hiyo likipata ajali na mpira ukakatika, pampu huendelea kumwaga petroli wakati abiria wangali ndani. Jaribio lake ni rahisi: fungua swichi bila kuwasha injini. Pampu ikiendelea kuvuma zaidi ya sekunde chache, rudisha gari kwa fundi.

Nozeli zilizotumika

Nozeli sita zilizokusanywa kutoka magari tofauti hazitoi mafuta kwa kiasi kimoja. Nozeli inayovuja huingiza petroli kwenye silinda, ikaosha oili na kuharakisha ulikaji wa injini. Taka zote zipimwe pamoja kwenye mashine mbele yako. Fundi ahakikishe pia kuwa ukinzani wake wa umeme unalingana na kompyuta itakayoziendesha, kwani zisipolingana kompyuta yaweza kuungua.

Makubaliano ya maandishi yataje:

- aina na namba ya injini, na iwapo imetumika au imefanyiwa ukarabati;
- pampu, kichujio, mipira, klampu na njia ya kurudishia mafuta kwenye tangi;
- nozeli, kifaa cha kupimia hewa, kompyuta na nyaya zake;
- ukaguzi wa breki na mfumo wa kupoza injini, kwa kuwa nguvu imeongezeka;
- muda wa dhamana, na nani atakayegharimia kazi ikirudiwa;
- hatima ya injini yako ya awali.

Usilipuuze hilo la mwisho. Gari la kale lenye injini yake ya kiwandani huthaminiwa zaidi na wanunuzi. Usimwachie fundi injini hiyo kama chuma chakavu.

Kadi ya gari na bima

Kadi ya usajili huonyesha namba na ujazo wa injini. Injini ikibadilishwa, wasilisha taarifa kwa Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) ili kadi irekebishwe, ukiwa na risiti na uthibitisho wa mahali injini ilikotoka. Mwarifu pia mtoa bima wako kwa maandishi. Mabadiliko yaliyofichwa yaweza kuwa sababu ya kukataliwa fidia siku ya ajali.

Ukitendewa isivyo haki

Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu aina, ubora au asili ya bidhaa. Ukiuziwa L26 kwa jina la L28, au kipuri bandia kwa jina la halisi, anza kwa kumwandikia muuzaji ukieleza kasoro na unachodai. Asipotatua, wasilisha malalamiko kwa Tume ya Ushindani (FCC) pamoja na risiti, makubaliano, picha na kipuri chenyewe.

Malipo ya mwisho yatolewe baada ya gari kuendeshwa, kupoa, kuwashwa tena na kukaguliwa chini kama linavuja. Ukinusa petroli, usiliondoe gereji.