Jinsi Liberia ilivyojenga upya utawala wa kidemokrasia

WALIBERIA walipopiga kura Julai 1997, wengi walidhani vita vilivyoanza Desemba 1989 vimekwisha. Charles Taylor, aliyekuwa kiongozi wa waasi, alishinda kwa takriban asilimia 75 ya kura. Miaka miwili baadaye, bunduki zililia tena.

Sababu si ngumu kuitambua. Mshindi aliingia Ikulu pamoja na wapiganaji wake, ambao aliwajaza katika vikosi vya usalama. Wapo waliomchagua kwa kuhofia kuwa akishindwa angerejea msituni. Kura ya woga haizai serikali ya wananchi.

Somo hilo lilizingatiwa baada ya Taylor kujiuzulu Agosti 11, 2003. Mkataba uliotiwa saini jijini Accra, Ghana, wiki moja baadaye uliunda serikali ya mpito iliyoongozwa na Gyude Bryant. Uchaguzi ulisubiri miaka miwili.

Kwanza zilishughulikiwa silaha. Umoja wa Mataifa ulituma wanajeshi wapatao 15,000, na zaidi ya watu 100,000 wakaandikishwa katika mpango wa kuwapokonya wapiganaji silaha. Jeshi la zamani lilivunjwa, jipya likaundwa.

Kisha ikaja zamu ya fedha. Mwaka 2005, wafadhili walishinikiza wataalamu wa kigeni watie saini pamoja na maafisa wa serikali kabla ya taasisi muhimu kutumia pesa za umma. Wakosoaji walilalamika kuwa uhuru wa nchi umewekwa rehani.

Ndipo Ellen Johnson Sirleaf alipomshinda George Weah katika duru ya pili ya uchaguzi, Novemba 2005, na kuwa mwanamke wa kwanza Afrika kuchaguliwa rais.

Matunda yalionekana baadaye. Mwaka 2017, Mahakama ya Juu ilisimamisha duru ya pili hadi malalamishi ya udanganyifu yasikizwe. Wananchi walisubiri uamuzi, na Weah akashinda. Mwaka 2023 Weah naye alikubali kushindwa na Joseph Boakai, kwa pengo lisilofika asilimia mbili.

Deni lililobaki ni la haki. Tume ya Ukweli na Maridhiano ilipendekeza mwaka 2009 wahusika wakuu wa vita washtakiwe. Mmoja wao, Prince Johnson, alikuwa seneta hadi alipofariki Novemba 2024. Taylor alihukumiwa kifungo cha miaka 50 mnamo 2012, lakini kwa uhalifu uliotendwa Sierra Leone.

Mei 2024, Boakai aliagiza kuundwa kwa afisi ya kuandaa mahakama ya uhalifu wa kivita. Kwa waliopoteza jamaa zao, sanduku la kura pekee halitoshi kuwa fidia.