Fahamu: Tumbo limepunguzwa, hamu je?

Upasuaji wa kupunguza uzito unaofanywa zaidi duniani hukata takriban asilimia 80 ya mfuko wa chakula, pamoja na sehemu inayotoa kwa wingi grelini, homoni ya njaa. Miezi ya mwanzo mgonjwa hushiba kwa vijiko vichache, akajiona ameshinda. Kujiamini huko ni kwa mkopo.

Hamu ikirudi, aghalabu baada ya mwaka au miwili, tumbo dogo huzuia sinia la pilau, lakini soda na aiskrimu huteleza tu. Ndiyo maana wataalamu huuliza: utaweza kujizuia ukiwa na huzuni? Ukishurutishwa harusini? (Kwetu, hilo la pili ndilo gumu.) Anayejibu hapana hahitaji kukemewa, anahitaji mazoezi, mtaalamu wa lishe na kliniki isiyomwacha baada ya mshono kupona.