Mwizi wa Maboga Hujipapasa Mabega

Msikilizaji, kusini-mashariki mwa India wapo watu waitwao Watelugu. Lugha yao ndiyo lugha kuu ya majimbo mawili, Andhra Pradesh na Telangana, na hesabu ya watu ya mwaka 2011 ilionyesha kwamba wenye kuizungumza nchini mwao ni zaidi ya milioni 80. Sikio la Mswahili halishtuki sana likiisikia, kwani maneno yake mengi huishia kwa irabu kama ya kwetu. Methali wao huiita sameta. Wanazo tele, hata mwaka 1868 ofisa mmoja wa Kiingereza, Kapteni Carr, alichapisha kitabu kizima cha methali hizo mjini Madras. Leo tuzitazame zile zinazohusu siri, maana katika jambo hili Watelugu wana macho makali.

Ninayoipenda kuliko zote yasema: aliposikia "mwizi wa maboga", akajipapasa mabega. Kwa sisi ambao boga tunalijua la kuungwa kwa nazi, methali hii haifunguki upesi. Sharti ujue kwamba huko liko boga la namna nyingine, kubwa, ambalo likikomaa ngozi yake hufunikwa na unga mweupe kama majivu. Ukiligusa tu, unga wakushika. Watu wengi hulitundika mlangoni kuzuia kijicho. Sasa mwenye kuiba boga zito kama hilo usiku atalibeba wapi kama si begani? Asubuhi watu wamekusanyika, mmoja anatamka kwa sauti kwamba mwizi wa maboga yumo humu humu. Hakutaja jina wala hakunyosha kidole. Mwizi mwenyewe, kwa hofu yake, anapeleka mkono begani kuangalia kama unga umebaki. Kwisha kazi.

Tazama ujanja wa methali hiyo. Huenda mtu yule alikwisha kuoga, na begani hapana hata chembe ya unga. Kilichomtoa ni mkono wake. Ndiyo maana Watelugu huitumia hata katika siasa: kiongozi ambaye hakutajwa na mtu akikimbilia kujitetea, huulizwa mbona anajipapasa mabega.

Iko pia ya paka anayekunywa maziwa amefumba macho, akidhani kwa kuwa haoni basi haonekani. Hiyo haihitaji maelezo. Paka wa namna hiyo tunao maofisini.

Lakini ile ya nge yahitaji kusimama kidogo. Wanasema: kama mwizi aliyeumwa na nge. Mtu ameingia nyumba ya watu gizani, ametia mkono chunguni, nge akamchoma. Maumivu ya nge unayajua, msikilizaji. Kulia hawezi, maana akilia wenye nyumba wataamka. Basi huuma meno. Nadhani methali hii inawahusu wengi mijini kuliko tunavyokiri. Mtu ametoa mlungula apatiwe kazi au kiwanja, na aliyepokea fedha akatoweka. Aende polisi akaseme nini? Kwamba nilihonga na sikuhudumiwa? Matapeli wanalijua hilo vizuri, na ndiyo sababu hupenda kumnasa mtu ambaye naye ana la kuficha.

Nyingine ni nzito zaidi: siri ya nyumba iliiangamiza Lanka. Hapa yatupasa kukumbuka kisa cha Ramayana. Ravana, mfalme wa Lanka, alimwiba Sita, mke wa Rama, akakataa kumrudisha. Ndugu yake Ravana, jina lake Vibhishana, alimsihi na kumwonya, asisikilizwe. Mwishowe akahamia upande wa Rama na siri za kwao akaenda nazo, na Lanka ikaanguka. Sisi tungesema kikulacho ki nguoni mwako. Ila mimi methali hii hainiridhishi. Inamlaumu aliyetoa siri, na kumsahau aliyeiba mke wa mtu. Kilichoiangamiza Lanka ni kosa la mfalme. Vibhishana alikuja baadaye. Wahindu wenyewe humhesabu Vibhishana miongoni mwa watu wema, lakini methali haikumsamehe. Kila mfanyakazi anayefikiria kufichua wizi wa mkubwa wake anaijua hukumu hiyo.

Na Watelugu wameyaona hayo nyumbani kwao. Mjini Hyderabad, uliokuwa wakati ule mji mkuu wa Andhra Pradesh, palikuwa na kampuni kubwa ya kompyuta iitwayo Satyam. Neno hilo maana yake ni ukweli. Desemba 2008 mwenyekiti wake, Ramalinga Raju, alitaka kampuni inunue kampuni mbili za jamaa yake mwenyewe zilizoitwa Maytas. Lisome jina hilo kinyumenyume uone. Wenye hisa walipiga kelele, na mpango ukafutwa mara moja. Hapo mkono ulikuwa umekwisha kufika begani. Tarehe 7 Januari 2009 Raju aliandika barua kwa bodi akikiri kwamba fedha taslimu zaidi ya rupia bilioni 50 zilizoonyeshwa vitabuni, yaani kama dola bilioni moja, hazikuwapo. Kununua Maytas, alisema, kulikuwa jaribio la mwisho la kuziba mali hewa kwa mali halisi. Pengo lilianza dogo, likakua mwaka hata mwaka, akawa kama aliyempanda chui milia asijue atashukaje asiliwe. Siku hiyo hiyo bei ya hisa ilianguka kwa zaidi ya robo tatu, na maelfu ya wafanyakazi wasiojua lolote wakalala bila kujua kesho yao.

Wenye lugha hiyo husema ukweli ni kama moto, na jambo lililofichika huliita kaa lililofunikwa na majivu. Satyam ilinunuliwa na kampuni ya Tech Mahindra mwaka 2009, ikaunganishwa nayo 2013, na jina likafutika. Aprili 2015 mahakama ya Hyderabad iliwahukumu Raju na wenzake tisa kifungo cha miaka saba kila mmoja. Walikata rufaa, na mwezi uliofuata wakaachiwa kwa dhamana.