Nani Anaruhusiwa Kupokea Chakula?

Familia inayofika mara ya kwanza kwenye kituo cha kugawa chakula huko Marekani huanza kwa maswali. Mnaishi wapi? Mko wangapi? Kwa mwezi mnapata kiasi gani? Kituo kingine, mtaa wa pili tu, huuliza idadi ya watu wa nyumbani kisha huwapa chakula. Wengi hudhani tofauti hiyo inatokana na roho za wanaogawa. Mara nyingi inatokana na mahali chakula kilipotoka, kwa sababu kila chakula huja na masharti ya aliyekitoa.

Mwaka 1967, John van Hengel alianzisha St. Mary's Food Bank mjini Phoenix, Arizona, ili kukusanya chakula kizuri ambacho kingetupwa. Hiyo ndiyo huhesabiwa kuwa benki ya kwanza ya chakula. Leo mtandao wa Feeding America una benki za namna hiyo zipatazo 200. Benki ya chakula hasa ni bohari: hupokea chakula kwa wingi na kukisambaza kwenye vituo vya makanisa, misikiti, shule na jumuiya. Chakula kinachotolewa na maduka na wakulima hakina masharti mengi. Kinachotakiwa ni kwamba kigawiwe bure kwa wenye shida, na sheria ya mwaka 1996 inamkinga mtoaji aliyetoa kwa nia njema asije akashtakiwa.

Chakula cha serikali kina taratibu zake. Mpango wa shirikisho uitwao TEFAP ulianza mwaka 1981, serikali ilipokuwa na shehena kubwa ya jibini ghalani, na jina lake la kwanza lilisema wazi kuwa ni wa muda. Mwaka 1990 neno hilo liliondolewa, maana njaa haikuwa imeondoka. Katika mpango huu kila jimbo hupanga kiwango cha juu cha kipato, na ndiyo maana familia inayokubaliwa katika jimbo moja inaweza kukataliwa katika jingine. Hata hivyo, katika majimbo mengi mtu hutaja kipato chake mwenyewe na kutia saini. Hatakiwi kuleta hati ya mshahara. Ni lazima awe mkaazi wa eneo linalohudumiwa, lakini urefu wa muda aliokaa hapo hauwezi kuwa sharti. Wala kituo hakiruhusiwi kumlazimisha asali au asikilize mahubiri ndipo apewe chakula hicho.

Juu ya hayo kuna masharti ya kituo chenyewe: kuhudumia mitaa fulani tu, kutaka kitambulisho cha kila mtoto, kuruhusu mara moja kwa mwezi, kufungua kwa saa mbili tu asubuhi siku za kazi. Sababu yake inaeleweka. Rafu ni chache, wanaojitolea ni wachache, na kila mmoja anataka chakula kimfikie aliye karibu. Lakini tazama anayeachwa nje: mama anayefanya usafi zamu ya asubuhi, mzee asiye na gari, familia mbili zilizopanga nyumba moja kwa mkataba wenye jina moja. Hakuna hata mmoja wao aliyezidi kiwango cha kipato. Wote wamezuiwa na saa, umbali na karatasi.

Wakongomani waliohamishiwa Marekani kutoka kambi kama Nyarugusu mkoani Kigoma wanaijua tofauti hii ya masharti kwa namna yao. Kambini, mgao ulifuata orodha moja na kadi moja. Marekani hakuna orodha ya namna hiyo. Kukataliwa kwenye mlango mmoja si kukataliwa kote. Kulijua hilo kumezidi kuwa muhimu tangu sheria ya Julai 2025 ilipowaondoa wakimbizi wasio na ukaazi wa kudumu kwenye SNAP, msaada mkuu wa serikali wa kununulia chakula.

Uingereza imefuata njia nyingine. Katika vituo vingi vya mtandao wa Trussell, mtu hupewa kwanza vocha na daktari, shule au mshauri wa jamii. Utaratibu huo humkutanisha na anayeweza kumsaidia kwenye deni au kodi ya nyumba, lakini pia humwongezea mlango wa kubisha akiwa na njaa.

Wahenga walisema mficha uchi hazai, na anayehitaji msaada hana budi kusema shida yake. Hawakusema aisimulie upya kila wiki mbele ya foleni. Kituo kinachojiheshimu huuliza yale tu yanayotakiwa na chakula kinachogawa, huandika masharti yake kwa lugha za wanaokuja, na hutenga chakula kisicho na masharti kwa asiye na karatasi. Nawe ukikataliwa, uliza kwa upole: sharti hili ni la serikali au la kituo? Kipo chakula ambacho halikihusu? Kituo gani kinahudumia mtaa wangu? Jibu likikosekana, piga 211, namba ya kuelekeza watu kwenye huduma katika sehemu kubwa ya Marekani, na uombe mkalimani wa Kiswahili.