Maji Yaliyofichwa Ndani ya Chaki

Sogeeni karibu, wajukuu zangu. Mhusika wetu leo ni chaki, na hapa Simiyu chaki si mgeni: vijana wa Maswa, majirani wa Bariadi, walianzisha kiwanda chao cha kuitengeneza.

Zamani za kale chaki ilikuwa jiwe liitwalo jasi. Ukiligusa ni kavu, kumbe ndani yake kila kalsiamu salfeti imeshikamana na molekuli mbili za maji. Watu wakalitia motoni, kiasi cha nyuzi 150 za Selisiasi, na robo tatu ya maji yale ikatoroka kwa mvuke. Ukabaki unga mweupe. Kiliingia kitu kimoja, vikatoka viwili: huo ndio mtengano.

Unga ule ukakorogwa na maji, ukamiminwa kwenye kalibu. Baada ya dakika chache ukapata joto, ukawa mgumu. Wengi watawaambia umekauka. Sivyo! Unga umeyachukua tena maji uliyonyang'anywa na moto, umerudi kuwa jasi. Viwili vimeingia, kimetoka kimoja, na huo ni muungano. Kukauka kunakuja baadaye, chaki zikianikwa juani, na huko si mmenyuko wa kikemikali hata kidogo. Mtaniuliza, mbona motoni pia maji yaliondoka? Kule maji yalikuwa sehemu ya jasi yenyewe. Juani yanaondoka yale ya ziada, yaliyokaa tu katikati ya chembe.

Kwa hiyo msikimbilie kutazama povu, rangi au joto. Hivyo vinakuambia jambo limetokea, havikuambii ni la aina gani. Ulizeni: nani ameingia, nani ametoka?

Mwombeni mwalimu atumbukize msumari wa chuma kwenye maji ya mrututu. Msiufanyie mchezo nyumbani, mrututu ni sumu. Msumari utavaa koti jekundu la shaba na ule ubuluu utafifia, kwa sababu chuma kimeisukuma shaba na kushika nafasi yake. Mmoja amemwondoa mwenzake. Lakini mwalimu akimimina maji ya magadi kwenye mrututu, pande zote mbili zinabadilishana wenzi: salfeti inaifuata sodiamu, shaba inaifuata kaboneti, na mashapo ya rangi ya buluu-kijani yanatuama chini.

Kuna pia mwako. Msimu wa pamba ukiisha, wakulima wetu hung'oa miti yake na kuichoma, wadudu waliojificha wasisubiri msimu ujao. Hapo kaboni ya mti inaungana na oksijeni ya hewani kuwa kaboni dayoksaidi, nayo haidrojeni inakuwa mvuke wa maji. Mnaona mti umeisha, lakini kama tungeweza kukamata moshi na hewa yote iliyotoka, tukavipima pamoja na majivu, mizani ingeonyesha uzito uleule wa mti pamoja na oksijeni iliyoingia. Majivu yale machache ni madini ambayo mizizi iliyanyonya udongoni.